Nusu ya Pili ya Mnara wa Nzige

Tunis, 6 Novemba 1994

Mongia,

Salamu nitakuandikia mwishoni, nikibakiwa na pumzi. Ijumaa Ami Lazhar alinikabidhi, alipofikisha gari lake kituo cha magari ya kusini, nusu ya kwanza ya Mnara wa Nzige, imefungwa kwa gazeti na kunukia tende kama kila kitokacho kwenu. Nimeisoma yote, kurasa mia moja na themanini na sita, na hasira ilinianza ukurasa wa kumi.

Hebu niambie, wewe uliyezaliwa mita mia tatu kutoka mdomo wa mgodi: kitabu hiki kinatufaa nini? Mfalme anaishi juu ya mnara na kuwatoza watu kodi ya vivuli vyao. Asiye na kivuli cha kutoa anateremshwa shimoni kuchimba. Mpaka hapo mwandishi ana macho. Lakini wachimbaji wenyewe wanafanya nini? Wanangoja. Nusu kitabu nzima wanamngoja Mwana wa Upanga, ambaye nyota zimemtabiri, aje awatoe. Hata Yamna, binti pekee mwenye akili katika mji ule, anashinda na taa yake kando ya kisima akingoja. Sisi tumengoja vya kutosha. Tumengoja kazi, tumengoja vitabu, baba zetu wamengoja mapafu yao yapone. Anayekuja kutuuzia kungoja zaidi, kukiwa kumepambwa kwa nzige wa dhahabu, hatuburudishi, anatulaza.

Linganisha na Kadhi wa Mtaa wa Chini. Mle hamna joka wala nyota. Kuna mtu, kuna sheria, na kuna uongo aliotia sahihi kwa mkono wake. Aliyekiandika amekufa miaka hamsini iliyopita na bado kila ukurasa unawashitaki walio hai. Hiyo ndiyo fasihi. Nyingine ni peremende.

Mimbari, gazeti letu la wanafunzi, wameniomba makala juu ya riwaya hizi za ajabu, basi nitumie nusu ya pili haraka. Kanuni naikumbuka, usinikumbushe. Tangu siku ile sekondari tulipokuwa na kitabu kimoja kwa watu wawili, tukakikata mgongoni kwa kisu cha baba yako, tulikubaliana kwamba hakuna kuhukumu kabla nusu zote mbili hazijapita mikononi mwetu sote, na kwamba tukishagombana vya kutosha tunakishona tena. Lakini kanuni ile tuliitungia vitabu vyenye siri. Hiki nimekwisha kukijua. Kisu chako kimekatia katikati ya sentensi: "Yamna akainua taa, akaona kwamba aliyesimama mlangoni ni". Nifungue nusu ya pili ili nijue ni nani? Ni yeye, na upanga wake, na farasi mweupe.

Salamu sasa: wasalimie wote.

Dorsaf


Ain Rmel, 14 Novemba 1994

Dorsaf, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ingekuwa utovu wa adabu kukaa mbele ya mtu anayepiga kelele kiasi hicho. Alhamdulillahi, kumbe u mzima.

Nusu ya pili siwezi kukupa sasa. Wanawake wangu wa Alhamisi hawajaimaliza. Nilikuambia kwamba sasa tumefika kumi na moja? Tunakutana maktabani baada ya chakula cha mchana, mimi nasoma kwa sauti, wao wanasuka, wanachambua dengu, wananikatiza. Wengi wao hawakusoma. Kabati la tatu, la riwaya za ajabu, ndilo wanalolitaka, na nimelijaza kwa kuomba na kubembeleza miaka miwili. Bi Hadda hukaa karibu kabisa na kiti changu. Ni mke wa Bwana Tijani, yule mkaguzi mstaafu wa shule ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maktaba, na akifika nyumbani humsimulia mumewe kila sura, apende asipende.

Kuhusu Kadhi wako. Nimemsoma mara tatu, mbili kwa ajili yako. Mwezi uliopita niliwasomea. Umewahi kumwona yule mjakazi anayempelekea kadhi kahawa? Yumo sura ya kwanza, ya nne, ya saba, yumo hata siku ya hukumu. Bi Hadda aliweka dengu chini akaniuliza, "Na huyu wa kahawa, yeye anaitwa nani?" Nikapekua kurasa mia nne. Hana jina. Bi Hadda akasema, "Basi aliyekiandika naye ni kadhi tu," akarudi kwenye dengu zake. Nakupa hoja hiyo bure, itie katika makala yako.

Mimi naipenda Kadhi. Naipenda kama ninavyompenda mjomba mwenye akili ambaye hajawahi kuosha kikombe. Mnara wa Nzige naupenda kwa sababu nyingine, na sitakuambia, kwa kuwa hujafika.

Kwa hiyo ngoja. Najua hulipendi neno hilo. Wiki tatu tu.

Mongia


Tunis, 27 Novemba 1994

Mongia,

Nimeambatanisha Mimbari. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina langu kamili.

Kabla hujanikunjia uso: wahariri walikuwa wanapeleka kurasa kwa mpiga chapa Jumatano, nawe ulinitaka ningoje hadi Desemba. Gazeti la wapiganaji haliwezi kungojea dengu zichambuliwe. Nimefanya kile ambacho msomaji yeyote mzoefu angefanya: nimeukisia mwisho. Soma aya ya tano kwa sauti, ina mdundo:

"Na hatimaye, kama ilivyotarajiwa, Mwana wa Upanga anaingia, anamwoa Yamna, na wachimbaji wanapiga makofi kwa mikono ile ile ambayo ingeweza kuuangusha mnara. Kitabu cha namna hii hakistahili rafu katika maktaba yoyote inayowaheshimu maskini. Kifungiwe, kama dawa iliyopitwa na tarehe."

Makala imepokewa vema mno. Profesa wetu wa balagha ameibandika mlangoni pake. Vijana wa uchumi, ambao hawajawahi kusoma riwaya, walinisimamisha uani wakaninukulia "dawa iliyopitwa na tarehe".

Nusu ya kwanza narudisha kwa Ami Lazhar. Sina haja nayo tena. Na kuhusu mjakazi: uchungu wa kutokuwa na jina ndio shitaka lenyewe, mwandishi alikusudia. Nadhani alikusudia.

Andika upesi. Nataka ugomvi wetu wa kawaida.

Dorsaf


Ain Rmel, 11 Desemba 1994

Dorsaf,

Gazeti limefika. Asante kwa kunikumbuka. Uandishi wako umekomaa.

Ami Lazhar anakuletea nusu ya pili. Kaa nayo. Hapana haraka ya kuirudisha, tena ningependa isirudi kwa sasa.

Huku baridi imeingia, upepo unabeba vumbi la fosfati hadi ndani ya unga. Alhamisi hatukutani siku hizi. Ukumbi hauna moto.

Soma vizuri masomo yako.

Mongia


Tunis, 20 Desemba 1994

Mongia,

Miaka mitatu tunaandikiana na hujawahi kunitukana. Leo umefaulu. "Uandishi wako umekomaa." Hayo huambiwa mtoto wa jirani. "Soma vizuri masomo yako." Hayo huandika shangazi aliyesahau jina lako. Nimekupelekea makala inayokushambulia wewe, kabati lako, ladha yako, nawe unanijibu habari za upepo.

Nilifikiri utaniita mwongo. Nilifikiri utaandika kurasa kumi na mbili pande zote mbili, kama ulivyofanya niliposema kwamba mashairi ya mapenzi ni kazi ya watu waliolala mchana. Badala yake umenipa adabu. Adabu ni mlango unaofungwa taratibu ili usisikike, na mimi nausikia.

Na tangu lini baridi ikawazuia wanawake wa Ain Rmel? Mama yako alifua nguo za familia nane kwenye barafu. Unanificha nini? Ama umekubali kwamba nimesema kweli, na huna ujasiri wa kutamka. Kama ni hilo, tamka. Mimi ningekutamkia.

Nusu yako ya pili ipo mezani, haijafunguliwa. Sifungui kitu kinachotoka kwa mtu anayeniandikia kama karani wa posta.

Dorsaf


Tunis, 8 Januari 1995

Mongia,

Hukujibu, na sasa najua kwa nini.

Jumanne nilikwenda kituoni kumuuliza Ami Lazhar kama barua yangu ilikufikia. Alikuwa anafunga mizigo juu ya gari. Alinitazama kwa muda kama mtu anayepima kamba, kisha akaniuliza, "Wewe ndiye Dorsaf wa gazeti?" Nilijivuna, Mongia. Nakiri kwako: nilinyoosha shingo. Nikasema ndimi.

"Basi mwanangu, karatasi yako wameipigilia misumari kwenye kabati."

Nikamwomba arudie. Akashuka, akanieleza yote akiwa amesimama, na abiria wakimpigia kelele aondoke. Kwamba Bwana Tijani aliletewa Mimbari na mpwa wake anayesoma huku. Kwamba alisimama mbele ya kamati akasoma aya yangu ya tano, yenye mdundo, mara mbili, akasema, "Haya si maneno yangu mimi mzee, ni maneno ya binti wa hapa hapa, msomi, tena mtetezi wa maskini." Kwamba kabati la tatu lilifungwa kwa kufuli siku hiyo hiyo, nusu ya kwanza ikachukuliwa kama ushahidi, na wanawake kumi na mmoja wakaambiwa Alhamisi imekwisha. Na kwamba wewe ulikuwepo, na ulipoulizwa kama unamfahamu mwandishi ulijibu, "Nilisoma naye," basi.

Nimelala na maneno hayo mawili, "nilisoma naye".

Nilirudi chumbani nikafungua nusu ya pili. Nimeimaliza. Aliyesimama mlangoni ni mama yake. Mama yake Yamna, aliyeteremshwa shimoni binti akiwa mchanga, amepanda ngazi mwenyewe, na nyuma yake wamepanda wachimbaji arobaini. Na walichokuwa wakikingoja kumbe si mtu. Walikuwa wanahesabu siku, hadi wote wawe wamefikiwa na habari. Siku hiyo inapofika wanazima taa zote za mji kwa mikono yao. Pasipo mwanga hapana kivuli, na pasipo kivuli mfalme hana cha kutoza. Mwana wa Upanga anakuja kweli, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, mambo yakiwa yamekwisha. Anapanda juu ya pipa na kutoa hotuba ya kurasa tatu. Wanampisha kwa heshima, wanaendelea na kazi.

Nilipomaliza hotuba ile nilifunga kitabu nikajificha uso. Ina mdundo mzuri sana.

Nina hasira, na sijui niigawe vipi. Kuna hasira juu ya Bwana Tijani, aliyefungia kitabu asichokisoma kwa ushahidi wa mtu asiyekisoma. Hiyo ni ndogo kuliko niliyo nayo juu yangu mwenyewe, kwa kuwa yeye hakuwa na kanuni, nami nilikuwa nayo. Mimi nilipiga kelele kwa ajili ya wachimbaji huku nimekaa juu ya nusu ya kitabu walimoshinda. Nimewanyang'anya wanawake kumi na mmoja kiti chao kwa sababu mpiga chapa alikuwa na siku yake. Na hasira nyingine, usidhani umeikwepa, ni juu yako wewe: kwa nini hukuniambia? Ungeniita kwa jina lolote, ningelistahili, lakini ungeniita.

Nilipeleka kanusho langu kwa wahariri wa Mimbari. Mhariri mkuu alisema, "Mpiganaji harudi nyuma, dada. Utatuvunjia gazeti." Nikamwambia kwamba anayekataa kurudi nyuma akiwa ameelekea shimoni si mpiganaji, ni mzigo. Wamekataa. Basi nimeliandika kwa mkono, nakala sita, nimezibandika kwenye ubao wa kitivo, moja mlangoni pa profesa wa balagha, juu ya ile ya kwanza. Vijana wa uchumi wamenicheka. Nakala ya saba ni hii, ina sahihi yangu na tarehe. Ipeleke kwa kamati. Isomwe na mtu mwenye sauti kubwa.

Na nimepekua Kadhi upya. Umesema kweli. Mwandishi hakukusudia.

Dorsaf


Ain Rmel, 22 Januari 1995

Dorsaf,

Umeniuliza kwa nini sikukuambia. Niliandika barua nne na kuzichana. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Ya pili ilikuwa ya matusi yenye hoja. Ya nne ilikuwa fupi sana, na kama ningeituma tusingeandikiana tena. Ndipo nikakuandikia habari za upepo. Ilikuwa njia pekee niliyoipata ya kukuacha mlango wazi, na wewe ukasema nimeufunga.

Sasa nikuambie mara moja, halafu liishe. Kukichukia kitabu hujanikosea. Chukia vyote. Ulinikosea uliposema aliyeko mlangoni ni nani kabla hujafungua, tena kwa sauti kubwa kuliko waliokuwa ndani. Ukiwa Tunis ni makala. Huku ni kufuli. Ulijua huku ni wapi, Dorsaf. Umezaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu.

Basi. Sasa sikiliza yaliyotokea, maana sitaki uendelee kulia peke yako na vijana wa uchumi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mbele ya kamati na nakala yako ya saba. Nilisoma mwenyewe. Nilipofika pale uliposema, "Nimehukumu kitabu ambacho nusu yake sijaiona, na natangaza kwamba hukumu yangu ni batili," niliinua macho nikawauliza wajumbe watano: ni nani hapa amekisoma? Wakaangalia meza. Bwana Tijani akasema ushahidi wa msomi hauwezi kufutwa kwa sababu msomi amebadilisha hali ya moyo. Kura nne kwa moja, kufuli ibaki. Hiyo moja sikuitegemea: ilikuwa ya mhasibu, yule asiyesema. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo ungeionea fahari.

Jumatatu, mchana kweupe, Bi Hadda akanijia nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akasifu mkate, akasifu chai tena. Kisha akasema, "Mwanangu, kuna mtu anauliza. Yule aliyesimama mlangoni ni nani?"

Nikamwambia, "Lakini wewe unajua, Bi Hadda. Ulikuwepo nilipoisoma. Ulilia."

"Mimi najua. Mwenye kuuliza hajui, maana aliposimuliwa hakusikiliza, nami sasa nimekataa kumwambia. Siku tatu ananizungukia jikoni. Jana ameosha vikombe."

Nilichelewa kuelewa. Ule ushahidi, Dorsaf. Bwana Tijani aliuchukua nyumbani ili autie sahihi kila ukurasa, kama alivyokuwa akifanya na madaftari ya shule. Ili utie sahihi ukurasa lazima uutazame. Bi Hadda anasema kurasa ishirini za mwanzo alizipitia kwa mkupuo mmoja wa alasiri, akitikisa kichwa. Za katikati alizisoma akiwa amesahau kalamu sikioni. Sahihi zinaishia ukurasa wa arobaini na moja. Akafika pale kisu changu kilipokatia, "ni", akageuza karatasi, akageuza tena, akatazama chini ya mkeka.

Nikamwambia Bi Hadda nusu ya pili haipo Ain Rmel, nami pia simwambii mumewe. Kama anataka kujua, kitabu kile kina mahali pake, napo pana kufuli. Bi Hadda akacheka hadi akashika mbavu. Alipoondoka alisema, "Leo ataosha na sufuria."

Jana nimeletewa barua ya kamati, ina mhuri. Nakunakilia neno kwa neno:

"Baada ya kutafakari upya, kamati imeonelea kabati la tatu lifunguliwe kwa ajili ya ukaguzi, ukaguzi huo ufanyike Alhamisi tarehe 26 Januari, saa tisa alasiri, kwa kusomwa kwa sauti mbele ya mwenyekiti. Waliozoea kuhudhuria wanaweza kuhudhuria. Ukaguzi utaanzia ukurasa wa mia moja na themanini na saba."

Nimemjibu kwamba ukurasa huo upo Tunis, na kwamba anayeushika atauleta mwenyewe au hautakuja kabisa. Hivyo usimpe Ami Lazhar bahasha. Mpe nauli. Safari hii mimi sisomi. Utasoma wewe, mbele ya wanawake kumi na mmoja ambao kila mmoja amesikia aya yako ya tano, na hotuba ya juu ya pipa utaisoma yote, kurasa zote tatu, bila kuruka mstari. Bi Hadda ameniomba akae kiti cha karibu nawe ili akuone vizuri.

Kufuli bado ipo. Mwenyekiti akikusikia vibaya, itabaki. Jiandae.

Mongia


Tunis, 24 Januari 1995

Mongia,

Ninakuja na gari la alfajiri Alhamisi. Nitakosa mhadhara wa balagha, ambayo kwa sasa ninayo ya kunitosha.

Hotuba ya pipa nimeisoma kwa sauti mara nne hapa chumbani. Sijaweza kuimaliza bila uso kuniwaka, na sitajaribu kuuzuia mbele yao. Makala ile ing'oeni au iacheni, mtakavyo; ila kama bado ipo mlangoni pa kabati nikifika, nitaing'oa mimi, misumari na yote, kabla sijasalimia mtu.

Kuna jambo moja nililofanya ambalo hukuniagiza. Nimeikata hii nusu ukurasa wake wa kwanza kabisa, wenye jina la aliye mlangoni, na nimeushonea ndani ya kola ya koti langu. Mwambie Bwana Tijani kwamba sitaufungua mpaka nione ufunguo umegeuzwa kwenye kufuli. Nilipokuwa na nusu ya kwanza nilihukumu. Sasa ninayo ya pili, nimejifunza kungoja, na yeye pia atajifunza.

Mwambie aje na ile yake, yenye sahihi. Sindano na uzi ninavyo mfukoni. Tukishagombana vya kutosha, tunakishona pale pale mezani, na yeye ndiye atakayekishikilia mgongo.

Dorsaf